Vipele vya Kunyunyizia kwenye Ukuta na Dari za Jipsamu: Ununue Kifaa Kipi?

Mtu akiingia chumbani hahesabu vipele vya ukutani, yaani yale matone madogo ya puti yanayorushwa ukutani au darini kuwa pambo. Macho yake yanakwenda pale vilipobadilika: huku vidogo vimesongamana, kule vikubwa vimetawanyika. Ndiyo maana nimevipanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja, yaani kipi kitakusaidia mita ya mwisho ifanane na ya kwanza.

Nafasi ya kwanza: bunduki ya hopa na kompresa

Juu ya bunduki hii kuna hopa, chombo kama faneli kubwa, ambamo unamimina uji wa puti. Uji unashuka wenyewe, hewa ya kompresa (mashine ya kushindilia hewa) inaurusha. Naiweka mbele kwa sababu inakuachia mambo matatu mkononi: ukubwa wa tundu, nguvu ya hewa na uzito wa uji. Tundu dogo na hewa ya kutosha hutoa vipele laini kama ganda la chungwa. Tundu kubwa na hewa kidogo hutoa matone mapana, ambayo unayasubiri dakika 10 hadi 15 mng'ao wa maji upotee, kisha unayalaza kwa kisu kipana bila kukandamiza. Kazi nyingi huenda vizuri kati ya psi 25 na 40 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa). Bunduki yenye tundu la ukubwa mmoja tu iache dukani.

Kinachowaponza wengi ni kompresa. Muuzaji atakuonyesha ukubwa wa tangi. Wewe uliza inatoa lita ngapi za hewa kwa dakika. Kifaa cha kupigia misumari hunywa hewa kidogo kidogo, lakini bunduki hii hunywa mfululizo. Niliwahi kuanza dari ya chumba cha kulala kwa kompresa ndogo. Nilipofika katikati hewa ikapungua, matone yakavimba, na dari ikawa na sura mbili. Ilibidi nikwangue nusu nzima usiku uleule, puti ikiwa bado mbichi, na mikono iliuma siku mbili. Ushauri wangu tangu hapo: nunua bunduki, kompresa kubwa ikodi kwa siku ya kazi. Bunduki haina mengi ya kuharibika, mradi uioshe kabla puti haijakauka.

Pima na nguvu zako pia. Hopa ya lita 6 ikijaa inakaribia kilo 9, nawe utaishikilia juu ya kichwa. Kwa dari tafuta yenye shingo inayopinda, na ujaze nusu tu.

Nafasi ya pili: mashine ya umeme yenye kipulizo chake

Hii haihitaji kompresa. Hewa yake haina nguvu nyingi, ila haipungui katikati ya kazi, na hilo kwangu lina thamani kubwa. Inafaa vipele vidogo kwenye chumba kimoja au viwili. Ukiipa uji mzito wa matone makubwa itakwama.

Nafasi ya tatu: kopo la kunyunyizia

Kwa kiraka, pale bomba lilipovuja au swichi ilipohamishwa, kopo ni la kwanza bila ubishi. Kwa chumba kizima usilijaribu, kwani msukumo wake hupungua kadiri linavyokwisha na matone hubadilika. La ukuta na la dari ni tofauti, soma maandishi kabla ya kulipa. Likiwa baridi hutema madonge, hivyo liweke kwenye maji ya uvuguvugu (kamwe si ya moto), litikise sana, ujaribu kwanza kwenye boksi. Mengi hutumia gesi inayoshika moto: zima kila mwali ulio karibu na ufungue madirisha.

Nafasi ya nne: pampu ya mkono

Kila msukumo wa mkono una nguvu yake, na ukuta utaonyesha hivyo. Kwa stoo inatosha.

Kabla ya chochote kati ya hivi, nunua praima, rangi ya kwanza ya kutayarisha ukuta. Karatasi ya jipsamu na puti ya kwenye maungio hazinyonyi maji sawa, na bila praima mistari ya maungio itajitokeza chini ya vipele vyako vizuri. Kwa chumba kizima, puti ya unga ni bora kuliko ya ndoo: changanya yote kwa mara moja, iache dakika 15, koroga tena, chuja madonge. Ongeza miwani, barakoa, na nailoni za kufunikia, nyingi kuliko unavyodhani.

Kama nyumba ni ya zamani na dari ina vipele vinene kama bisi, usikwangue chochote kabla kipande hakijapimwa maabara. Vipele vya aina hiyo viliwahi kuchanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba sana. Marekani ilipiga marufuku kuinyunyizia kwenye majengo kwa mapambo mwaka 1978. Vumbi lake huharibu mapafu.

Ukishapata mchanganyiko unaoupenda, nyunyizia kipande cha bodi kilichobaki. Nyuma yake andika ukubwa wa tundu, psi, na kiasi cha maji ulichotia, kisha kihifadhi. Siku fundi wa umeme atakapotoboa ukuta, utajua pa kuanzia.