Kozi ya mwendo na kughani: mwendo naupa tano, jukwaa tatu

Maksi kwanza, kwa kozi hii ya kutuliza kiwewe kwa mwendo wa mwili na mashairi: sehemu ya mwendo naipa tano kati ya tano, sehemu ya kughani naipa tatu.

Kiwewe changu kilitokana na ajali ya barabarani. Tiba ya mazungumzo nilishaipitia, na kichwani najua hatari imepita, ila mabega na tumbo havijapata habari. Breki ikilia nje, mwili hukakamaa kabla sijawaza lolote. Kozi hii inaanzia hapo hapo. Kila kipindi hufunguliwa na nyayo sakafuni: sikia uzito wako, egemea mguu huu, kisha ule. Hufuata pumzi, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndivyo mapigo ya moyo yanavyotulia. Mwisho ni kujitikisa na kucheza, bila hatua za kukariri.

Kilichonivutia zaidi ni kauli ya mwezeshaji. Hasemi "inua mkono." Husema, "Ukipenda inua mkono, usipopenda uache." Hamshiki mtu kumnyoosha, na mlango haufungwi. Mtu aliyeumizwa na jambo ambalo hakuulizwa anahitaji sana kuulizwa. Wala mambo haya si ya jana. Mcheza dansi Mmarekani Marian Chace alianza kutumia dansi kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942, ilhali maradhi ya kiwewe yalikuja kuingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980.

Sasa mashairi. Tunaandika dakika 15 bila kufuta, kisha anayetaka anaghani. Zoezi ni zuri. Kusema kwa sauti yangu kile nilichokuwa nikikimeza kulinilegeza koo kweli kweli. Lakini hatukuonywa kwamba baada ya kuandika mtu huweza kujisikia vibaya zaidi kwa muda, jambo lililoonekana tangu utafiti wa wanasaikolojia Pennebaker na Beall wa mwaka 1986, kuhusu kuandika matukio yenye kiwewe. Tulifunga madaftari, kwaherini, kila mtu na mzigo wake. Dakika chache za nyayo na pumzi baada ya shairi zingetosha, na wanazijua!

Halafu ule usiku wa jukwaa. Waliiga mashindano ya kughani mashairi (poetry slam) yaliyoanzishwa na mshairi Marc Smith kule Chicago, waamuzi wakichaguliwa kutoka kwa watazamaji na kutoa alama. Kwa burudani sawa. Lakini kidonda cha mtu unakipaje saba na nusu? Niliona washiriki wakichimba tukio baya zaidi kwa sababu ndilo lililopigiwa makofi. Mimi nilighani kwa "yeye" badala ya "mimi", nikapata nafasi ya kupumua ndani ya beti. Ujanja huo nampa yeyote atakayejiunga.

Kama ndoto za tukio bado zinakuamsha kila usiku, muone mtaalamu kwanza. Kozi yenyewe haina mshauri nasaha wa kukushika ukizidiwa. Awamu ijayo ya mwendo nimeshajiandikisha. Usiku wa jukwaa wanitafute kwenye viti vya nyuma, na sitakubali kuwa mwamuzi.