Modeli za Magari ya Zamani: Skeli Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi wa modeli, yaani nakala ndogo, ya gari la zamani huvutwa kwanza na milango inayofunguka na boneti inayoinuka, ilhali kinachoamua kama ataendelea kuitazama kwa furaha baada ya miaka kumi ni umbo lake. Paa likizidi kimo chake kwa milimita moja tu katika skeli ya 1:43, yaani gari lililopunguzwa mara 43, kosa hilo ni sawa na zaidi ya sentimita nne katika gari lenyewe, na mtu anayelipenda gari hilo ataliona kila apitapo mbele ya kabati. Kwa sababu hiyo, katika kupanga machaguo yafuatayo nimetanguliza usahihi wa umbo na wingi wa magari yanayopatikana, na mapambo nimeyaweka nyuma.

Nafasi ya kwanza naipa skeli ya 1:43, ambayo asili yake ni reli za kuchezea za kipimo kiitwacho O. Volkswagen Beetle, ambayo urefu wake halisi ni takriban mita 4.07, hapa inakuwa na sentimita 9.5, kwa hiyo rafu moja hubeba historia ya kampuni nzima bila kujazana. Katika skeli hii mnunuzi atakutana na modeli za aloi ya zinki, yaani mchanganyiko wa metali, na za resini, aina ya plastiki ngumu. Aloi humiminwa katika kalibu za chuma ambazo ni ghali kuzichonga, kwa hiyo mtengenezaji hana budi kutoa modeli nyingi ili kurudisha gharama. Kalibu za silikoni zinazotumika kwa resini ni rahisi kutengeneza lakini huchakaa upesi, na ndiyo maana magari adimu, hasa ya mashindano, hupatikana zaidi kwa resini na kwa idadi ndogo. Kampuni ya Minichamps ya Ujerumani ilijijengea jina kwa aloi, na kampuni ya Spark kwa resini. Kwa gari la kawaida chukua aloi, kwa kuwa huvumilia kushikwashikwa. Resini ikianguka, huvunjika.

Nafasi ya pili ni 1:18 ya aloi yenye sehemu zinazofunguka, na hapa nashauri kununua magari ambayo kufunguka kwake kuna maana. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ni mfano bora: milango yake huinuka kuelekea paani kwa sababu fremu yake ya mabomba ilipita juu sana ubavuni, na injini yake ya silinda sita imelazwa kwa nyuzi 50 ili boneti ipate kuwa chini. Jaguar E-Type ya mwaka 1961 nayo huinua pua nzima pamoja na mabawa ya magurudumu. Modeli inayokuonyesha mambo hayo inakufundisha uhandisi, na hiyo ndiyo raha ninayoitafuta katika ukubwa huu. Kampuni ya CMC ya Ujerumani hufikia hatua ya kufuma spoku za magurudumu kwa mkono, kazi ambayo kila ninapoitazama huniongezea heshima kwa mafundi wake. Kabla ya kununua, chunguza nafasi kati ya mlango na bodi, kwa maana ufa wa milimita moja hapa ni sentimita 1.8 katika gari halisi, kisha angalia kama bawaba ni nene na zimepinda kwa namna ambayo gari lenyewe halikuwa nayo.

Ya tatu ni 1:18 ya resini isiyofunguka, ambayo aghalabu huwa na mistari safi zaidi, kwa kuwa bodi haikukatwa popote. Ya nne ni 1:24 ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, inayomfaa mwenye subira na mkono mtulivu. Skeli ya 1:64 naiweka mwisho kwa magari ya zamani: modeli za kuchezea za Hot Wheels, zilizoanza kuuzwa mwaka 1968, hupunguzwa ili zote zikaribiane kwa ukubwa, kwa hiyo uwiano baina ya gari moja na jingine hupotea.

Anayenunua modeli kuukuu ajihadhari na kuoza kwa zinki. Aloi ikichanganyika na madini ya risasi hata kwa kiasi kidogo, huliwa kwa ndani, hupasuka na kuvimba, na unyevu huharakisha uharibifu huo. Modeli nyingi za Dinky Toys, chapa ya Uingereza, zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zimeangamia hivyo. Hakuna tiba. Inamishe modeli mbele ya taa, utafute nyufa nyembamba na malengelenge chini ya rangi, na ukiona bodi imejikunja kiasi kwamba magurudumu yote manne hayagusi meza, irudishe kwa muuzaji, hata kama rangi yake bado inang'aa.