Uzoefu wangu: saa 600 nyuma ya mashine ya kukata lami na zege

Mita ya saa kwenye mashine yangu ilivuka 600 wiki iliyopita, nikaona sasa naweza kuizungumzia bila kuionea wala kuipamba. Ni ile ya kusukuma, unatembea nyuma yake: diski ya almasi ya milimita 450, injini ya petroli ya nguvu za farasi 13, tenki la maji juu, na usukani mdogo wa kuzungusha ili diski ishuke. Inakata kina cha milimita 160 hivi. Jina la kiwanda naliacha. Mashine za daraja hili zinafanana kama mapacha, na karibu kila nitakachosema utakutana nacho hata ukinunua ya rangi nyingine.

Nimeridhika nayo. Ila miezi miwili ya kwanza nilitaka kuirudisha nilikoinunua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua njia ya bomba kukatisha barabara. Nusu ya barabara ilikuwa lami, nusu zege kuukuu lenye kokoto ngumu. Nilinunua diski moja, nikajua nimemaliza. Kwenye lami ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Tulipoingia kwenye zege, baada ya kama mita nne hivi, diski ikakataa kula. Inazunguka, maji yanatiririka, injini inanguruma, lakini mstari hausogei. Nikasukuma, mbele ya mashine ikainuka. Nikaegemea kwa uzito wangu wote, cheche zikaruka hata ndani ya maji.

Nikasema injini haina nguvu. Fundi akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akachukua hela yake, na hali ikabaki ileile. Siku ya tatu akapita mzee mmoja aliyekata barabara maisha yake yote. Akaniambia nizime, akapitisha kidole gumba juu ya meno ya diski taratibu, kama anayepima ukali wa wembe.

"Mwanangu, injini haina kosa. Hii imekuwa kioo."

Nami nikagusa. Kweli, meno yalikuwa laini kama kigae kilichong'arishwa, hakuna hata punje ya kukwaruza ngozi. Mzee akaagiza jiwe la mchanga, lile linalovunjika kwa urahisi. Tukalikata mara kumi hivi, juujuu tu. Nilipogusa tena, kidole kilikwama kwenye vipunje. Tukarudi kwenye zege na diski ikala, ingawa kwa muda mfupi kabla ya kuwa kioo tena.

Alichonieleza mzee, na baadaye nikakithibitisha kwa mfuko wangu, ni kwamba meno ya diski ni unga wa chuma uliofungwa pamoja na punje za almasi. Punje ikichakaa, chuma kilichoishika kinatakiwa kiliwe kidogo ili almasi mpya itokeze. Zege kuukuu la kokoto ngumu halisagi sana chuma hicho, kwa hiyo linataka diski yenye chuma laini. Lami inadanganya. Ukiigusa ni laini, lakini mchanga na vumbi lake vinasaga kama msasa, kwa hiyo inataka diski yenye chuma kigumu. Kwa ufupi, kitu kigumu kinataka diski laini, na kinachosaga kinataka diski ngumu. Mimi nilikuwa na diski ya lami nikiibembeleza kwenye zege.

Nikanunua ya zege, halafu kwa ubahili nikaitumia kwenye lami. Ikaliwa upesi mno, sikuamini macho yangu. Mbaya zaidi, tope la lami lilichimba bamba la chuma chini kidogo ya meno, pale yalipochomelewa. Hapo ndipo jino linapochomoka. Diski za lami za maana huwa na meno marefu machache yanayoshuka chini zaidi kulikinga bamba lisiliwe. Ukienda dukani yatafute hayo kabla hujasoma kitu kingine. Baada ya hapo soma mizunguko kwa dakika iliyoandikwa kwenye diski, isiwe chini ya ile ya shafti yako, yaani mhimili unaozungusha diski. Diski ya milimita 450 inayozunguka mara 2,400 kwa dakika, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 56 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa saa. Jino likitoka kwa kasi hiyo halichagui mguu. Kifuniko cha diski hakivuliwi, hata kama mtu anataka "kuona vizuri".

Kwenye kunyoosha mstari mashine hii naipa alama nne kati ya tano. Diski imefungwa upande wa kulia, kwa hiyo inavuta huko. Mwanzoni nilikuwa napambana nayo kwa mabega, na jioni mgongo unauma kama nimebeba mawe. Ilinichukua saa karibu 200 kugundua kwamba kwenye ekseli ya nyuma kuna boliti ya kurekebisha mwelekeo. Kitabu kiliitaja kwa mstari mmoja tu, na mchoro wake nisingeuelewa hata kwa miwani. Sasa hivi naiachia itembee yenyewe, naifuata huku macho yangu yakiwa kwenye mshale wa mbele na alama ya chaki. Ukipinda, usikunje mpini kuirudisha. Diski iliyozama haipindi, inabanwa, na bamba likishapata joto la kubanwa halinyooki tena. Inua, rudi nyuma, ingia upya.

Kina nacho kinaenda kwa awamu. Mimi nashuka milimita 50 hivi, namaliza mstari mzima, narudi na kushuka tena. Wanaotaka milimita 150 kwa mkupuo mmoja huwa nawaachia mashine kwa dakika tano tu, wanaelewa wenyewe.

Maji ndiyo eneo ninalolilaumu kiwanda. Tenki la lita 25 linaisha kabla mstari haujaisha, na koki yake imekaa mahali ambapo tope hurukia na kuiziba. Mara mbili diski imekata kavu bila mimi kujua, kwa sababu nilikuwa natazama mstari, si maji. Sasa naunga mpira wa maji moja kwa moja, na kabla ya kila mstari nahakikisha pande zote mbili za diski zimelowa. Maji hayapozi diski tu, yanashika vumbi pia. Kokoto na mchanga vina madini yaitwayo silika, na vumbi lake jembamba hufika ndani kabisa ya mapafu na likabaki humo. Marekani wameweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8 za kazi. Kiasi hicho hukioni kwa macho. Wingu jeupe unaloliona mtu akikata kavu limeshapita hapo mbali. Na tope zoa lingali bichi. Likikauka, gari la kwanza kupita linalirusha lote hewani.

Mikanda inayotoa nguvu kwenye injini kupeleka kwenye shafti hulegea saa za mwanzo ikiwa mipya. Dalili yake inachanganya, kwa sababu injini inaimba vizuri huku diski inapungua kasi ikiguswa na zege. Ikaze kabla hujamlaumu mtu. Beringi za shafti zitie grisi kila jioni baada ya kuosha, maana grisi mpya inasukuma nje maji yaliyoingia. Mimi nilikuwa napaka nikikumbuka, na beringi za kwanza zilikufa saa 340.

Kwenye zege jipya mashine ni ileile, ila hapo unashindana na saa. Mikato ya maungio, ile inayoliongoza zege lipasuke kwenye mstari unaoutaka, hufanywa siku ileile ya kumwaga, zege likishashika kiasi kwamba kokoto hazing'oki kwenye kingo. Zege la unene wa milimita 200 nalikata 50, robo ya unene. Ukiwahi mno kingo zinameguka, ukichelewa zege linachagua lenyewe pa kupasukia, na halichagui mstari ulionyooka. Hutaki diski inayokataa kula usiku huo.

Nimalizie na mashine nyingine, niliyokodi kwa siku tatu: ile inayorusha punje za chuma kuchuna uso wa barabara. Tulikuwa na kipande cha zege lililosuguliwa na matairi mpaka likateleza mvua ikinyesha. Ndani kuna gurudumu lenye mapanga linalorusha punje kwa kasi, zinapiga sakafu, zinaruka na kurudi pamoja na uchafu, hewa inavuta vumbi kwenda kwenye mashine ya kukusanya, punje zinaanguka tena kwenye chombo. Vumbi karibu lote halitoki nje. Baada ya ile mashine ya kukata nilihisi kama nimehamia ofisini.

Kipimo cha ukwaruzo wa uso tulifanya kwa mchanga. Unamwaga mililita 25 za mchanga mwembamba, unautandaza kwa kisahani mpaka ujaze vishimo vyote, kisha unapima kipenyo cha duara. Kabla, duara lilikuwa milimita 320, maana yake wastani wa kina cha vishimo vya uso ni milimita 0.31. Baada ya kupita mara moja, duara likawa 210, sawa na milimita 0.72. Uso ulioteleza sasa ulikuwa unashika soli ya kiatu.

Lakini ina masharti. Uso uwe mkavu kabisa, maana umande kidogo tu unafanya punje na vumbi vigandane, na asubuhi ya kwanza tulipoteza saa mbili tukisubiri jua. Kwenye lami tulijaribu kipande mchana wa joto, lami ikanata na kumeza punje, tukaacha. Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilisimama kusogeza waya wa umeme huku nimeacha koki ya punje wazi. Sekunde chache tu, nikachimba kijibonde chenye kina kama unene wa kidole, kilichobidi kujazwa na kufanywa upya. Hiyo mashine ikisimama, koki ifungwe kwanza, ndipo uwaze jambo lingine. Mwendo nao lazima uwe sawa mwanzo mpaka mwisho, vinginevyo barabara inatoka na mistari kama shati la pundamilia.

Baada ya kazi pitisha ufagio wa sumaku mara mbili. Punje zilizobaki juu ya zege ni kama gololi chini ya kiatu, na mwenzetu mmoja alianguka chali mikono ikiwa mifukoni.

Hiyo nitaendelea kukodi, kwa kazi zangu hainilipi kuinunua. Ya kukata imo kwenye karakana sasa hivi, mikanda imetolewa, nasubiri beringi nyingine mpya. Safari hii pampu ya grisi nimeifunga kwa waya kwenye mpini wake.