Macarena: ya 1993 au ya Bayside Boys?

Ukitaka kuusikia wimbo wa Macarena ulivyotoka kwa wenyewe, tafuta rekodi ya 1993. Los del Río, watu wazima wawili wa Dos Hermanas karibu na Sevilla, wanaimba Kihispania kitupu juu ya gitaa na makofi ya rumba ya Kihispania. Sauti zimekomaa, wala hazina haraka.

Toleo la Bayside Boys, watayarishaji wa muziki, lilitengenezwa Miami, ambako redio ilitaka wimbo wenye Kiingereza. Wakaweka mdundo wa klabu, mwanamke akaimba beti kwa Kiingereza, na kiitikio cha Los del Río wakakiacha palepale. Hapo ndipo walipopatia: Mmarekani alifuata kisa cha wimbo, na ladha ya Uhispania ikabaki. Mwaka 1996 toleo hili lilikaa wiki 14 nambari 1 kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Uingereza likafika nambari 2.

Kwenye sherehe piga la Miami, maana mdundo wake unamvuta hata asiyejua kucheza. Lakini kwa kusikiliza nachagua la 1993 bila kusita. Bayside Boys wamewabania mno wenye wimbo, na zile sauti mbili zinastahili kusikika beti zote.