SSD kubwa ya kompyuta ya nyumbani: ipi ununue ukiwa Dar es Salaam

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na naifanyia nyumbani Tabata. Sherehe moja, ukijumlisha sendofu na harusi yenyewe, hunijazia GB 200 bila shida. Nimeshapitisha SSD nyingi mezani kwangu, yaani diski za chipu zisizo na kitu kinachozunguka ndani, na kitu kimoja nimekiona tena na tena: kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni kasi ya dakika za mwanzo. Kinachotofautisha diski kubwa ni zile dakika zinazofuata.

Kabla ya kushika pesa, fungua kompyuta yako. Laptopu nyingi za majumbani hapa mjini ni za mtumba, na ukifungua skrubu za chini utakuta moja kati ya mambo mawili. Ukikuta diski bapa ya inchi 2.5, hiyo ni SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, na SSD ya kuweka hapo haitavuka MB 550 hivi kwa sekunde hata ununue ya ghali kiasi gani. Bado ni nafuu kubwa, maana diski ya kuzunguka hutoa MB 100 na kidogo, nayo kwenye mafaili madogo madogo huchoka kabisa. Ukikuta kikadi chembamba kama bigijii, upana milimita 22 na urefu 80, hiyo ni M.2, ambalo ni jina la umbo tu. Hapo usiharakishe. Kikadi chenye mpasuo mmoja kwenye meno ya dhahabu huwa ni NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi ya SATA, chenye miwili mara nyingi ni SATA. Tundu linaweza kukipokea vizuri tu, skrubu ikakaza, halafu kompyuta isikione. Nenda dukani na picha ya kile cha zamani au modeli kamili ya kompyuta.

Sasa chaguo langu la kwanza kwa nyumba nyingi: Samsung 870 EVO ya 2TB. Ni SATA, inaingia kwenye mashine za zamani, na seli zake (vichumba vya kutunzia data) ni TLC, yaani kila seli hubeba biti tatu. Inaandika kwa MB 530 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Zile GB 200 za harusi, ukizihamisha kutoka diski nyingine yenye kasi, zinaisha kwa dakika sita na kitu. Waranti ni miaka 5 au TBW 1200, ambayo ni jumla ya terabaiti unazoruhusiwa kuandika ndani ya waranti.

Ya pili ni WD Blue SN580 ya 2TB, nayo ni TLC. Kama laptopu yako ina tundu la NVMe, ipandishe iwe ya kwanza, kwani inasoma hadi MB 4150 kwa sekunde, na ina TBW 900 na miaka 5. Kubwa zaidi ya 2TB haipo katika toleo hilo.

Ya tatu, Samsung 870 QVO, nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu. Inafika hadi 8TB kwenye SATA, na kwa mtu mwenye picha za familia za miaka 15 hilo linavutia. Lakini seli zake ni QLC, biti nne kila seli, na kuziandika ni kazi ya polepole. Kuna sehemu ya haraka inayopokea mzigo kwanza. Kwenye ya 2TB na kuendelea ni GB 78, na ikijaa kasi inashuka hadi MB 160. Kwenye ya 1TB ni GB 42 tu, kisha unabaki na MB 80, chini ya diski ya kuzunguka nzuri. Harusi ileile ya GB 200 itachukua dakika 15 hivi kwenye ya 4TB, na zaidi ya nusu saa kwenye ya 1TB. Kwa hiyo QVO ya 1TB usinunue. Ya 4TB nunua kama ghala la kuhifadhia na kutazamia. Waranti yake ni miaka 3.

Crucial P3 Plus ya 4TB naiweka ya nne: NVMe, QLC, TBW 800. Usiogopeshwe sana na hizo TBW. Ukiandika GB 50 kila siku, mwaka mzima ni TB 18 tu. Kingston NV2 ni ya mwisho, kwa sababu mtengenezaji hajifungi na aina moja ya seli. Wawili mnaweza kununua jina lilelile mkapata vitu tofauti ndani.

Nje ya orodha kabisa ni zile diski za kubebea zisizo na jina, zinazodai 16TB kwa bei ya flashi. Nilinunua moja Kariakoo. Kompyuta iliionyesha 16TB, nikajaza harusi ya mteja, na baada ya GB 60 hivi mafaili yote yaliyofuata yakagoma kufunguka. Nilipopasua kasha nilikuta kadi ya memori ya simu imechomekwa kwenye kibao kidogo, na kando yake kipande cha chuma kimebandikwa gundi ili mkono uhisi uzito. Bibi harusi yule sikuweza kumrudishia dakika za baba yake akimkabidhi.

Kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muombe muuzaji aandike juu yake serial namba ya diski. Diski ya 2TB kusomeka kama GB 1,860 hivi kwenye Windows ni kawaida, hujaibiwa. Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chochote, endesha H2testw, programu ya bure inayojaza diski nzima kisha kuisoma tena. Kwa 2TB ya SATA ni zaidi ya saa mbili, kwa hiyo hutaweza kusubiri dukani. Kubalianeni mapema kwamba una siku mbili za kuirudisha, na hilo nalo liandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa kuliandika, vuka barabara uende duka la pili.