Buti za saiti: kabla ya chuma cha mbele, uliza soli

Mwaka juzi tulikuwa tunavua mbao za zege kwenye nyumba ya ghorofa moja kule Goba. Saidia fundi mmoja alirudi nyuma hatua moja ili kumpisha mwenzake aliyebeba mirunda, akakanyaga ubao uliolala misumari juu. Msumari wa inchi tatu ulipita kwenye soli kama kwenye ndala. Buti zile nilimnunulia mimi mwenyewe Kariakoo, mpya, na muuzaji alinigongea chuma cha mbele kwa ufunguo ili nisikie. Nilipozikagua baadaye nikagundua chuma kilikuwa mbele tu. Chini palikuwa na mpira mtupu. Kijana alichomwa sindano ya pepopunda, akakaa nyumbani wiki mbili. Siku hizo nilimlipa zote, maana kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo, buti nazipanga kwa soli kwanza.

Ya kwanza ni buti yenye alama ya S3. Itafute kwenye lebo iliyoshonwa ndani ya ulimi, karibu na maandishi EN ISO 20345, yaani kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama. Ncha yake hupimwa kwa pigo la jouli 200, sawa na kilo 20 zilizoanguka kutoka mita moja hivi. Soli ina kinga ya kuzuia msumari, na ngozi ya juu haipitishi maji haraka. Kinga hiyo huwa bamba la chuma au kitambaa kigumu. Kitambaa ni chepesi na hufunika unyayo wote, lakini msumari mwembamba hukipenya kwa urahisi kuliko chuma. Kwa kazi ya kuvua mbao mimi nachukua chuma, hata kama buti inakuwa nzito. Kwenye toleo jipya la kiwango utaona S3 peke yake kwa bamba la chuma, S3L au S3S kwa kitambaa. S ya mwisho ndiyo iliyopimwa kwa msumari mwembamba zaidi.

Siku ya kumwaga zege, gambuti yenye alama ya S5 inapanda namba moja. Simenti mbichi inaunguza ngozi, na mtu hahisi maumivu mapema. Anavua buti jioni anakuta kidonda kwenye kifundo. Suruali ivaliwe nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo uji wa zege unaingia na kukaa humo mchana kutwa. Gambuti za kawaida za shambani zinazuia maji, msumari hazizuii.

S1P inafuata. Ina kinga ya msumari lakini haizuii maji, kwa hiyo inamfaa fundi umeme au wa vigae anayefanya kazi ndani ya nyumba iliyokwisha kuezekwa. Kwa joto la Dar, miguu itakushukuru.

SB yenye chuma cha mbele tu ndiyo kama ile iliyoniponza. Ya mtunza stoo, basi.

Mwisho kabisa naweka buti za mtumba, na mpya zilizokaa stoo miaka mingi. Soli nyingi ni za poliyurethani, aina ya plastiki laini, na unyevu pamoja na joto la pwani huilegeza taratibu hata kama buti haijavaliwa. Siku moja inameguka kama biskuti, vipande vinabaki njiani. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa huandikwa kwenye buti. Soma kabla ya kutoa hela. Ikunje pia, uangalie kama soli inapasuka nyufa ndogo.

Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi za kazini. Beba sumaku: nyanyua soli ya ndani uipitishe juu yake. Ikinasa, chuma kipo. Isiponasa, huenda ni kitambaa, au hakuna kitu. Hapo lebo ndiyo iamue, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha lebo muache.

Sasa, nani analipa? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri jukumu la kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Hata kibarua wa siku tatu ana mguu wa kuchomwa. Nasikia wenzangu wanakata buti kwenye posho, na inaniuma, kwa sababu anayekatwa ataendelea kuja na raba zake. Mwenye nyumba naye, unapopatana bei na fundi, uliza buti, kofia ngumu na glovu zimo kwenye hesabu au hazimo. Fundi wa bei ya chini sana mara nyingi amevitoa hivyo.

Yule kijana sasa anavaa S3 saizi 43. Tukivua mbao, hakuna ubao unaowekwa chini kabla hajapinda misumari yake kwa nyundo.