Mfuko wa kuhifadhia kioo cha mbele cha pikipiki: upi ununue, upi uuache dukani

Mwenye Harley-Davidson Road King, Heritage Classic au Indian Springfield anaweza kuchomoa kioo cha mbele kwa mikono mitupu, na vivyo hivyo aliyefunga SwitchBlade, kioo cha kuchomoa cha kampuni ya National Cycle, kwenye pikipiki ya aina nyingine. Barabara kuu unakihitaji, kwa sababu upepo wa saa nne mfululizo kifuani unachosha kuliko mashimo. Ukiingia mjini kwenye joto na foleni, unakitoa ili upate hewa. Ila kikishatoka, wengi hukiegemeza tu kwenye ukuta wa stoo, karibu na dumu la petroli na masanduku ya vifaa. Siku kikirudishwa kina mikwaruzo, na usiku kila gari linalokuja na taa kamili linaigeuza mikwaruzo hiyo kuwa utando wa mwanga mbele ya macho yako. Hilo ni suala la usalama, wala si la urembo.

Katika kupanga mifuko hii nimetazama kwanza kile kinachogusana na kioo. Kitambaa cha nje, mikanda na nembo nimeviweka nyuma.

Sababu ni kwamba kioo hiki ni plastiki, ama polikaboneti ama akriliki. Polikaboneti huvumilia kugongwa na jiwe, lakini uso wake hukwaruzika upesi, ndiyo maana vilivyo bora hupakwa tabaka gumu la kinga. Akriliki hustahimili mikwaruzo zaidi, ila ikianguka hupasuka. Zote mbili huharibiwa na petroli, na pia na dawa za vioo vya dirisha zenye amonia.

Kuna adui mwingine ambaye wauzaji hawamtaji: reksini. Reksini ya PVC hulainishwa kwa kemikali ambazo hutoka polepole, hasa kwenye joto, zikahamia kwenye plastiki iliyo karibu. Kioo kikikaa miezi kadhaa kimegusana nayo kinaweza kupata ukungu usiofutika au vijiufa vyembamba. Reksini kwa nje ni sawa, inazuia vumbi na maji. Kwa ndani, rudisha mfuko huo rafuni hata kama bei imekukonyeza.

Nafasi ya kwanza: mfuko ulioshonwa maalumu, wenye sponji na bitana laini

Huu ndio wa kununua ukiupata. Harley-Davidson huuza wake kati ya vifaa vyake vya ziada, na wapo watengenezaji wengine. Ingiza mkono ndani kabla ya kulipa. Bitana iwe ya manyoya mafupi au pamba laini, na upitishe kidole kwenye kila mshono kutafuta uzi mgumu au ncha ya nailoni iliyobaki.

Kisha tazama zipu. Ninayoitaka ni ya plastiki, izunguke pande tatu, na iwe na ulimi wa kitambaa kwa ndani ili meno yasiguse kioo. Mfuko unaofunguka juu tu unakulazimisha kukiburuza kioo kila unapokiingiza na kukitoa, na chembe moja ya mchanga iliyonaswa kwenye bitana itafanya kazi ya msasa. Kwa watu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, zipu ya chuma ina kasoro nyingine: hewa ya chumvi itaila.

Kumbuka pia vyuma. Kwenye Road King, vishikio vya kioo hutoka pamoja nacho, vikibaki vile vilivyofungwa kwenye pikipiki. Mfuko mzuri una kitambaa kizito zaidi sehemu vyuma hivyo vinapokaa, na kama una kioo kirefu na kifupi, uwe na kigawanyo kinene katikati. Bila kigawanyo, usiweke viwili pamoja.

Nafasi ya pili: wa kushonesha kwa fundi

Kwa aliye Arusha, Nairobi au Kampala, mimi ningeanzia hapa, kwa sababu kuagiza mfuko mmoja kutoka Marekani, pamoja na usafiri na ushuru, kunaweza kuzidi thamani ya mfuko wenyewe. Fundi anayeshona viti vya magari ana turubai, sponji na cherehani nzito. Mwambie turubai nje, sponji ya sentimita moja katikati, flana ya pamba ndani. Flana ifuliwe kwanza ili isinywee baadaye.

Mpelekee kioo chenyewe, kimefungwa kwenye blanketi, apime mwenyewe. Vipimo viwe vitatu: upana, urefu pamoja na vyuma, na kina cha mpindo. Hicho cha tatu ndicho husahaulika, na mfuko bapa hukibana kioo kilichopinda hadi zipu ikakataa kufunga. Ongeza sentimita tatu au nne kila upande.

Nafasi ya tatu: mfuko wa kubebea televisheni bapa

Una sponji na unapatikana kirahisi, lakini umekatwa kwa kitu kilichonyooka. Unafaa kwa kioo kifupi chenye mpindo mdogo, nawe ukizungushie kanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi.

Nafasi ya nne: blanketi

Kwa usiku mmoja hotelini au safari fupi kwenye buti la gari, linatosha. Kwa miezi, hapana. Linashika vumbi na kuteleza.

Nailoni ya viputo, ile inayofungia vyombo dukani, sijaipa nafasi. Inafungia unyevu ndani, na ikikaa kwenye joto inaweza kuacha alama.

Mfuko wowote utakaochagua, usiingize kioo kichafu wala kibichi. Wadudu waliokauka wafunike kwa kitambaa safi kilicholowa kwa dakika kumi na tano hivi walainike, kisha osha kwa maji mengi na sabuni laini, ukaushe kwa kitambaa cha pamba. Kausha vyuma navyo, la sivyo kutu itahamia kwenye bitana.

Na usiufunge mfuko huo nyuma ya pikipiki kwa mipira ya kubania mizigo. Upepo utauinua na mtikisiko utavisugua vyuma kwenye kioo. Uache nyumbani au hotelini, umesimama wima au umetundikwa, bila kitu juu yake.